Mkate wa Zimwi la Tufani

Sogeeni, wanangu, na anayesinzia mfinyeni. Hapo kale Mize alijenga nyumba ufukweni, akafanya urafiki na zimwi la kike, zimwi la tufani, lililokaa mbali baharini. Kila mwaka alilipelekea mkate wa kumimina. Mwaka wa kwanza zimwi likapita mbali. Wa pili likapita mbali. Wa tatu likapita mbali na kumpungia mkono, Mize akatamba kijiji kizima: "Mnaishi kwa mkate wangu!"

Mwaka wa nne bahari ikapata moto kama maji ya kuoga mzazi. Majirani wakaona tufani inakuja, wakabeba watoto, wakapanda mlimani.

"Mize, twende!"

"Nendeni nyie waoga. Yule shoga yangu."

Zimwi likaja limevimba. Likang'oa paa, likang'oa kuta, likabakiza nguzo aliyoikumbatia Mize.

"Shoga! Hata mimi?"

Zimwi likacheka. "Kumbe ulidhani ni mkate? Bahari ina miaka yake ya baridi na miaka yake ya moto. Ikiwa baridi, sina nguvu za kufika kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Mkate ulikuwa mtamu."

Siku hizi Mize anakaa mlimani. Hushuka asubuhi kutia mkono baharini, kisha hupika mkate, akala na wale majirani waliomwita. Nami hadithi imeniishia mdomoni.