Mtambo Juu ya Chumba cha Mgonjwa

Msinigunie. Hata sijaanza mmeshatazamana, eti bibi huyu wa darasa la saba ataujulia wapi mtambo wa kufua umeme kwa upepo. Sikilizeni kwanza. Ubishi wenu mtaukuta palepale mlipouacha.

Mtu mmoja, Mbwana Shekue, alikuwa na mke mgonjwa, jina lake Hidaya. Walikaa orofa ya juu kabisa ya nyumba ya mjini, katikati ya maghorofa marefu kuliko lao. Maradhi ya koo yalikuwa yamemla Hidaya sauti, akabakiwa na mnong'ono, na hata huo madaktari walisema hautadumu. Mume alikuwa akiketi karibu na mto wake, akiusikiliza. Lakini umeme ukikatika feni ilisimama, mke akaloa jasho, na mume moyo ukamuuma.

Kwao milimani Mbwana aliwahi kuona mtambo wa upepo, ule wenye mapanga matatu juu ya mlingoti, ukizunguka bila kusita. Akasema, mke wangu hatalala tena kwenye joto. Akaleta mtambo wake, akaufunga kwa nati nene juu ya paa, palepale juu ya kitanda cha mgonjwa.

Sasa, upepo wa kilimani una njia yake. Wa mjini hugonga ukuta huu, ukarudi, ukagonga ule, ukafika umevurugika kama mlevi anayetafuta mlango wake. Mtambo ukageuka huku, ukageuka kule, ukahema, ukasimama. Feni ikazunguka kivivu, hata nzi akaweza kuipanda. Ila mngurumo haukuwa mvivu. Ulishuka na mlingoti, ukaingia ukutani, ukafika mpaka vitandani. Jirani wa chini akapaza sauti dirishani, "Bwana Shekue, chai yangu inacheza ngoma kikombeni! Unasaga nini huko juu?"

Mbwana hakusikia. Alikuwa juu ya paa na spana. Leo anaurefusha mlingoti, kesho anaugeuza. Akishuka kumtazama mkewe, anaona midomo inacheza. "Nini, mke wangu?" Mngurumo. "Nini?" Mngurumo. Mwishowe Hidaya akanyamaza, na mume akafurahi, akadhani sasa anapata usingizi.

Asubuhi moja upepo ulikufa kabisa, nyumba ikatulia. Mbwana yuko mlangoni, spana mkononi, anakimbilia ngazi ya paa, akasikia nyuma yake sauti nyembamba kama uzi:

"Wewe bwana, usipande tena. Chukua kanga yangu unipepee mwenyewe, tuzungumze ningali naweza."

Akaiweka spana chini. Akampepea mpaka mkono ukafa ganzi. Kesho yake akaufungua mtambo, akaushusha.

Hidaya hakupona, tusidanganyane. Lakini mnong'ono uliobaki ulimfikia mumewe, na mwingi ulikuwa wa kumsuta: uji wako una madonge, ndevu zako zinachoma, shuka hiyo umeitandika kama unafunika gunia. Mbwana aliusikiliza wote, hadi ulipokwisha.

Basi wewe unayehangaika juu ya kichwa cha umpendaye, lini ulishuka ukamuuliza anataka nini?

Msinijibu mimi, wa kujibiwa yuko nyumbani. Natoka, na mlango naufunga.