Hema Ndani ya Ngitili

Methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone huwa tunaikumbuka kuku anapochinjwa. Mgeni anakalishwa kitini, watoto wa nyumbani wanameza mate, na jioni kila mmoja anapata kipande. Hiyo ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya maana yake. Mgeni huweza kuja na uponyaji ambao hata yeye mwenyewe hajui kama anao. Sharti ni moja tu: mwenyeji akubali kwanza kumpokea, hata kama mgeni huyo ameingia kwa mguu mbaya.

Salmini alikuwa fundi magari katika mji wa Geita. Kwenye mnada mmoja alinunua Landkruza kuukuu iliyobaki mifupa mitupu, akaihangaikia jioni na sikukuu hadi ikanguruma upya. Alipomaliza, aliifunga winchi kwenye bampa la mbele, ile mashine yenye waya wa chuma ya kuvutia magari yaliyokwama. Mkewe, Safiya, alikuwa akingojea jokofu, hivyo winchi hiyo hakuisamehe upesi.

"Winchi yako ni meno ya dhahabu kwa mtu asiye na nyama," alimwambia. "Tangu uifunge imevuta nini zaidi ya subira yangu?"

Salmini alicheka, lakini maneno hayo yalimchoma kidogo. Basi likizo fupi ya mwezi wa tisa ilipofika, alimpakia Safiya na binti yao Kijakazi, akapakia hema, masufuria na maji, wakaenda kuitembelea nchi. Walilala Chato kando ya ziwa, wakapita Nyarugusu kuwatazama wachimbaji, kisha wakaelekea Shinyanga kwa njia za vumbi. Kote walikopita gari halikukwama hata mara moja. Safiya akawa anatabasamu tu dirishani.

Walifika upande wa Didia jua likianza kulegea. Ardhi ilikuwa kavu, imenyolewa na kwato hadi kwenye udongo. Ghafla wakaona uwanda wenye majani marefu na miti ya kivuli, umezungushiwa matawi ya miiba. Mtu aliyekulia kijijini angejiuliza kwa nini ng'ombe wa nchi nzima wamepaacha mahali pazuri namna ile. Salmini, mtoto wa mjini, hakujiuliza. Aliondoa matawi, akaingiza gari na kusimamisha hema katikati ya majani.

Hawakuwa wamewasha jiko walipowaona watu wawili wakija. Mbele alikuwa Ndaki, mzee wa sungusungu, ameshika fimbo. Nyuma yake alikuja mama wa makamo mwenye kanga ya bluu. Jina lake Scolastika, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Vumilia. Mumewe alikuwa amefariki, na kila alichokula kilitoka kwenye shamba alilolima kwa jozi moja ya maksai.

"Nyie watu mna wazimu?" Ndaki alifoka. "Hii ni ngitili. Majani haya yamefungiwa tangu masika, hata ndama hajayaonja. Ndiyo chakula cha maksai wa huyu mama mpaka mvua ije. Nyie mmeyafanya godoro."

Salmini aliyatazama majani yaliyolala chini ya magurudumu, akaona aibu ya kweli. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee," alisema. "Sikujua. Nilidhani ni pori tu."

"Kutojua siyo dawa. Sheria yetu ni mbuzi mmoja, na mtoke sasa hivi."

Mama Vumilia alikuwa akilizunguka hema polepole. Alikigusa kitambaa chake, akachungulia ndani. "Mna nyumba kwenu?" alimuuliza Safiya.

"Tunayo, mama. Ya vyumba vitatu."

"Na inavuja?"

"Haivuji."

"Ehe. Sasa mnalala nje kwa kosa gani?" Safiya alishindwa kujizuia, akacheka. Mama Vumilia naye akacheka, kisha akamgeukia jirani yake. "Ndaki, majani yameshalala. Tukiwafukuza, yatasimama? Hawa wana mtoto, na hapa mpaka barabarani ni mbali. Wasogeze gari kule chini karibu na lambo, hakuna majani ya kuumiza. Halafu waje kwangu wale."

Huo ndio moyo ninaoustahi hadi leo. Alikuwa amekosewa katika kitu chake cha thamani, tena kiangazi kikali, na bado aliwapikia ugali na mboga ya nsansa, yale majani makavu ya kunde, akaiunga kwa karanga. Ndaki alikataa kukaa nao. Alisema wema wa namna hiyo ndio unaozidisha wakosefu, akaondoka na fimbo yake.

Kulipopambazuka, ni Ndaki huyohuyo aliyekuja kwenye hema. Safari hii fimbo hakuwa nayo. Alikuwa ametapakaa tope hadi kifuani, na sauti imemshuka.

"Bwana Salmini, wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tunaomba utuchinjie. Maksai wa Mama Vumilia ameingia lamboni kunywa maji, amezama. Tumemvuta kwa kamba tumeshindwa. Ukichinja wewe, kila mtu atakula bila wasiwasi."

Salmini alichukua kisu, akateremka naye. Maji ya lambo yalikuwa yamebaki dimbwi katikati, na tope limelizunguka. Maksai mweusi aliyeitwa Bujiku alikuwa amezama hadi tumboni. Mama Vumilia aliketi ukingoni, machozi yakimtoka bila sauti. Bila Bujiku, yule maksai mwingine hakuwa na mwenza wa kuvuta naye plau, na mvua zilikuwa njiani. Mwaka ule asingelima.

"Chinja, mwanangu," alisema. "Asife kibudu."

Salmini alimtazama ng'ombe. Masikio yalikuwa yanacheza, na pumzi ilikuwa nzito lakini haijakata. Akageuka kulitazama gari lake, lililoegeshwa hatua chache tu juu ya ukingo, pale pale alipoelekezwa na mama huyu jana.

"Mama, huyu bado anataka kuishi. Niruhusu nijaribu kumvuta. Nikishindwa, kisu ninacho."

"Waya ule utamkata," Ndaki alionya. "Au utamvunja miguu, ateseke bure."

Mama Vumilia alifuta macho. "Mgeni huyu nimempa pa kulala, nimemlisha. Sasa niogope nini kumwachia ng'ombe? Jaribu, baba."

Salmini hakutaka waya uguse ngozi. Safiya ndiye aliyeng'amua la kufanya. Alipanda mbio, akaling'oa hema lote, akalikunja likawa mkanda mpana. Ndaki, bila kuambiwa, alirudi kwenye tope. Alichimba kuizunguka miguu ya Bujiku, Kijakazi akimpa ndoo za maji ayamimine tope lilegee, kisha akapiga mbizi ya mikono na kulipitisha hema chini ya tumbo la mnyama. Salmini alifunga ncha zake mbili kwenye waya wa winchi, na wanakijiji wakaweka mawe mbele ya magurudumu. Safiya alikaa kwenye usukani, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Winchi ikaanza kulia. Waya ulikaza, hema likapasuka upande mmoja, gari likasukuma mawe na kusogea kuelekea lamboni. Salmini akasimamisha. Wakaongeza mawe, wanaume wakashikilia gari kwa nyuma. Akavuta tena, kidogo kidogo, akipumzika na kuvuta. Mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili, na mwishowe Bujiku akateleza hadi kwenye udongo mgumu.

Lakini hakusimama. Alilala ubavu, macho yamefumbwa nusu. Mama Vumilia alivua kanga yake ya juu, akamsugua miguu huku akimsemesha Kisukuma, kama anavyosemeshwa mtoto asiyetaka kuamka. Alisugua muda mrefu. Hatimaye Bujiku alitingisha kichwa, akapiga magoti, akainuka akiyumba, na hapo hapo akaanza kula majani ya ngitili yaliyokuwa yamemwagika kutoka kwenye mikunjo ya hema.

"Wabeja, mwanangu," Mama Vumilia alishukuru kwa Kisukuma, akimshika Salmini mikono miwili. "Wabeja sana." Alilia sasa kwa sauti, na Safiya akalia naye. Baadaye Safiya aliipangusa ile winchi tope kwa upindo wa kanga yake, akamwambia mumewe kwamba jokofu linaweza kungoja.

Ndaki alitoweka. Aliporudi alikuwa ameoga, na nyuma yake alimvuta mbuzi beberu kutoka zizini kwake mwenyewe.

"Jana nilitaka mbuzi kwenu," alisema, macho yameelekea chini. "Ningesikilizwa mimi, mngekuwa mbali, na Bujiku angekuwa nyama. Bwana Salmini, kisu chako kiliitwa kuchinja. Kisirudi bure."

Siku hiyo walikula pamoja, na kwa kuwa hema lilikuwa limechanika, wageni wakalala nyumbani kwa Mama Vumilia. Mvua iliponyesha, Bujiku na mwenzake waliingia shambani na plau. Mama huyu hakupona kwa bahati tu, bali kwa sababu jioni ile hakuwafukuza waliomkosea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.