Kesi ya Bi Kindi na Lugha ya Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisonga ugali, wakifagia nyua na kushtakiana barazani kama sisi, palikuwa na nchi iliyoitwa Mbugani. Sogeeni. Na wewe uliyelala chali, inuka, hadithi hii haisikilizwi kwa kulala.

Mbugani kila mnyama alikuwa na lugha ya nyumbani kwake. Simba na wanawe walinguruma. Ndovu na wanawe walipiga parapanda. Kiboko na wanawe waliguna majini. Lakini siku ya gulio wote walisema Kigulio, na hakuna aliyejua Kigulio kilianza vipi. Hesabu zilitoka kwa mchwa, salamu kwa swala, na matusi, mnisamehe wanangu, kwa kasuku. Kila mpita njia alitia lake. Nyanya zikanunuliwa, posa zikapelekwa, na waliogombana wakapatana.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Kindi, mjane mwenye watoto watatu. Nyumba yake ilikuwa tundu ndani ya mkwaju, ambalo alilikwangua kwa meno yake mwenyewe mpaka likawa na chumba, jiko na pa kuwekea njugu. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Asubuhi moja alirudi kutoka kutafuta njugu, akawakuta wanawe chini ya mti wanalia. Juu, kwenye tawi la mlangoni, Nyani ametandika mkeka wake na kukunja nne.

"Karibu nyumbani kwangu," Nyani akasema.

"Kwako? Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Babu yangu aliwahi kuukwea mti huu."

"Babu yako aliukwea kila mti wa nchi hii! Shuka twende barazani."

"Twende," Nyani akacheka, kwa, kwa, kwa! "Lakini huko barazani utasema kwa lugha gani, Bi Kindi?"

Bi Kindi akanyong'onyea. Maana habari alikuwa nazo. Wakubwa watatu wa baraza, yaani Simba, Ndovu na Kiboko, walikuwa wameamua kwamba nchi sharti iwe na lugha rasmi, na kesi zote zisikilizwe kwa lugha hiyo tu. Asiyeweza kuisema, kesi imemshinda. Kilichobaki ilikuwa kukubaliana iwe lugha ya nani.

Nyani alikwishajifunza zote tatu. Alinguruma kidogo, alipiga parapanda kidogo, aliguna kidogo. Yoyote itakayoshinda, yeye yumo. Na Bi Kindi? Koo lenyewe kama uzi! Akijaribu kunguruma hutoka "chwii."

Akawaambia wanawe, "Nyamazeni. Hatulali nje." Lakini moyoni aliogopa, wanangu, aliogopa sana.

Akaenda nao barazani, kando ya soko la gulio, Nyani akifuata nyuma, akakuta vumbi linatimka. Mwenyekiti, Bi Kobe, ameingiza kichwa ndani ya gamba kwa sababu ya makelele.

"Prrraaaa!" Ndovu alikuwa akisema. "Nchi bila lugha rasmi ni nchi gani? Wageni wakija tutawaonyesha nini? Lugha rasmi iwe Kindovu, inasikika mbali!"

"Ngrrruuum! Mbali si hoja," Simba akajibu. "Hoja ni heshima. Iwe Kisimba!"

"Hoh! Hoh! Hoh! Kikiboko ndicho kizito," Kiboko akasema. "Na lugha ya serikali inatakiwa iwe nzito."

Bi Kobe akachungulia. "Jamani, kwani kuna siku tumekosa kuelewana?"

"Kuelewana si hoja!" wote watatu wakamkemea, na yeye akarudi ndani ya gamba.

Na ugomvi huo, wanangu, waliufanya kwa Kigulio. Wangeufanya kwa lugha gani tena, wakati hakuna aliyejua ya mwenzake? Wao hawakuliona hilo. Mkubwa akishavimba haoni hata miguu yake.

Bi Kindi yeye aliliona. Akaruka juu ya jiwe, akapiga makofi. "Wakubwa zangu, mnataabika bure! Lugha zenu zote tatu ni nzuri, sisi wadogo tunatetemeka tukizisikia tu."

"Enhe," wakasema, wakanyoosha shingo. "Mama huyu ana akili."

"Lakini lugha rasmi haimfai mtu anayeichanganya na lugha ya wauza nyanya. Basi tuwapime. Tangu sasa mpaka jua lifike utosini, kila mkubwa aseme lugha ya nyumbani kwake tu. Atakayeponyokwa na neno la Kigulio, hata moja, lugha yake itoke. Atakayebaki ndiye mshindi."

"Rahisi!" akasema Simba.

"Na mkiponyokwa wote watatu?"

Wakacheka mpaka majani yakadondoka. "Wote watatu? Sisi?" Ndovu akajifuta machozi kwa mkonga. "Hilo likitokea, kesi yako tutaisikiliza kwa hicho hicho Kigulio chako!"

"Bi Kobe, umesikia?"

"Nimesikia," ikatoka sauti ndani ya gamba. "Haya, anzeni."

Kiboko akafumba kinywa chake, na kinywa cha Kiboko kikifumbwa ni kama mlango wa ghala. Simba akauma meno. Ndovu akakunja mkonga. Soko zima likasogea kutazama.

Bi Kindi akashuka kwenye jiwe, taratibu, mkia nyuma kwa adabu. Akaenda hadi miguuni kwa Ndovu. Akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Ndovu."

"Marahaba, mwanangu, hujam..."

Ndovu akajiziba mdomo kwa mkonga, pa! Lakini neno limekwisha toka.

"Hoh! Hoh! Hoh! Umekwisha, Ndovu!" Kiboko akaangua kicheko, tumbo likimcheza. "Umekwisha kabisa! Jitu zima kunaswa kwa salamu! Loo, mimi hapa..."

"Wewe hapo unasema nini?" akauliza Bi Kobe.

Kiboko akaduwaa, kinywa wazi. "Hoh," akasema polepole. Amechelewa.

Akabaki Simba. Na Simba, msimdharau, si mjinga. Amekwisha ona wenzake walivyoanguka. Nyani naye akakimbia akamnong'oneza sikioni, "Usimjibu, mzee. Hata akipiga magoti yote mawili, usimjibu!"

Bi Kindi akaenda mbele ya Simba, akapiga goti. "Shikamoo, Mzee Simba."

"Ngrrr."

"Shikamoo, baba."

"Ngrrr!" Masharubu yanamtetemeka, anaitamani salamu ile, lakini anajizuia.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kufika utosini. Watoto wa Bi Kindi wakashikana mikono. Nyani akaanza kutafuta sauti ya kunguruma, mm, mm, ngrr, kama mwimbaji wa harusi kabla ya ngoma kuanza.

Bi Kindi akainuka, akakung'uta vumbi magotini. Akampa Simba mgongo.

"Shikamoo, Bi Kobe!"

"Marahaba."

"Shikamoo, Mzee Kiboko!"

"Marahaba," akajibu Kiboko kwa huzuni, kwani hana cha kupoteza tena.

Akamsalimu Twiga. Akamsalimu Nyati. Akamsalimu Nguruwe aliyekuwa akiuza mihogo, akamuuliza habari za mkewe, habari za mguu wake uliokuwa ukiuma. Akamsalimu Konokono! Akapita mbele ya Simba mara ya kwanza, hakumtazama. Akapita mara ya pili, kama panapopita upepo tu. Akaenda kumsalimu Fisi, Fisi ambaye tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwamkia.

"Shikamoo, Mzee Fisi!"

"Ma... marahaba!" Fisi akafurahi hadi akaketi chini.

Simba akaruka juu. "We Kindi! Fisi unamwamkia, na mimi je? Mimi si mkubwa hapa? Shikamoo yangu iko wapi?"

Soko likalipuka kwa vigelegele. Mbuzi walirusha vikapu juu, kasuku wakasema yale ninayoyaruka. Nyani alijipiga kofi kwenye paji la uso. Na Simba alisimama pale, akaangalia jua, akaangalia makucha yake, halafu, kwa kuwa hata yeye alikuwa na roho nzuri kidogo, akaanza kucheka.

"Ngrrr," akasema. "Nimepatikana."

"Shikamoo, Mzee Simba," akasema Bi Kindi.

"Marahaba, marahaba, mwanangu!" Simba akaitikia mara mbili kwa raha.

Ndovu akakohoa. "Basi tukitungie sheria hicho Kigulio. Tukipigie na muhuri."

"Itunge," akasema Bi Kobe, sasa kichwa nje chote. "Ila itakusubiri, mzee. Kesi ya mama huyu imetangulia. Bi Kindi, sema."

Bi Kindi akasema. Alisema jinsi alivyokwangua mti ule kwa meno mpaka moja likavunjika, akalionyesha. Alisema jinsi alivyowakuta wanawe nje. Kila mmoja alielewa, kuanzia Ndovu hadi Konokono, na wapo waliofuta machozi.

"Nyani, nawe sema."

Nyani akavuta pumzi. "Ngrrr..."

"Kwa Kigulio!"

Nyani akajikuna. "Babu yangu... aliwahi... kuukwea mti huu."

"Hoja nyingine?"

Nyani akawatazama wote, nao wote wakamtazama. "Sina," akasema. "Nilidhani hataweza kusema."

Jua halijapinda, alikuwa amekwisha kunja mkeka wake. Na watoto wa Bi Kindi walipanda mkwaju mbio, mmoja, wa pili, wa tatu, wakagombania nani aingie kwanza.

Ndiyo hivyo, wanangu: lugha ya nchi ni ile ambayo mdogo akiisema, mkubwa hana budi kuitika.