Maziwa ya Kupima kwa Kijiko

Hii ni kesi, si ngano ya kulalia. Sikilizeni mpaka mwisho, maana hukumu sina. Nawaachia ninyi.

Katika mtaa wa Mkwajuni walikaa dada watatu wa tumbo moja, kila mmoja na kipaji chake. Mwantumu, mkubwa, alikuwa na pua. Mafuta yaliyokaangiwa samaki jana, yakachujwa na kurudishwa kwenye chupa, aliyajua kabla kizibo hakijafunguka vizuri. Chausiku, wa kati, alikuwa na jicho. Hakununua kitu bila kukigeuza kutafuta tarehe, na kopo lililobonyea alilirudisha rafuni. Mtaani walimwita Bibi Tarehe. Tatu, mdogo, alikuwa na mkono. Akisugua unga kwa vidole viwili, alikwambia umechanganywa na nini.

Ndugu yao wa nne, Riziki, alikufa akijifungua mapacha, Kulwa na Doto. Mumewe, Shekue, alikuwa mpasua kokoto. Alinunua kopo moja la maziwa ya unga ya watoto. Akauza baiskeli, akanunua la pili. La tatu hakulimudu. Akaenda duka la Kibwana, ambako maziwa hayo yaliuzwa kwa kijiko, yakatiwa katika vifuko vya plastiki na kufungwa fundo.

Anayenunua kwa kijiko hapewi kopo. Tarehe inabaki dukani.

Wiki ya tatu ya vifuko, Kulwa aliacha kulia. Wiki ya nne akafa. Wazee wakasema amemfuata mama yake.

Siku ya pili ya matanga, Mwantumu alimpakata Doto ili amnyweshe. Akaileta chupa puani, akaiweka chini.

"Shemeji, haya maziwa yametoka wapi?"

"Kwa Kibwana. Kwani kuna pengine?"

"Asinywe tena. Yameharibika." Akaitwaa chupa, akaimwaga uani.

Shekue alisimama. "Unamwaga chakula cha mwanangu kwa sababu ya pua?" Akavaa kandambili, akaenda kununua kifuko kingine. Chausiku akamfuata, na Tatu nyuma yao.

Dukani Chausiku alinyoosha mkono juu ya kaunta, akalitwaa kopo, akaligeuza.

"Bibi Tarehe huyo!" mtu akasema. "Hata msibani hapumziki!" Watu wakacheka.

Chini ya kopo palikuwa na kikaratasi chenye tarehe. Chausiku alikibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na tarehe nyingine, iliyopita miezi kumi na minne. Akaisoma kwa sauti, akairudia. Kicheko kikakoma.

Kibwana hakubabaika. "Dada, kitu kikavu hakiozi. Tarehe ni maneno ya kiwandani. Mbona watoto wa wenzenu wanakunywa na wanacheza?"

Waliokuwa pale wakatazamana. Wengine walianza kukubali. Shekue mwenyewe alikuwa ameshatoa hela mfukoni.

Ndipo Tatu akapita nyuma ya kaunta. Alipajua, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumfungia Kibwana vifuko. Alitwaa kimoja, akakipasua kwa meno, akasugua unga wake kwa vidole mbele ya watu.

"Nusu yake ni muhogo," alisema. "Najua, maana ni mkono huu huu uliochanganya."

Shekue alimpeleka Doto hospitali pamoja na kile kifuko. Daktari aliuliza mtoto anakula nini, akaambiwa yote: maziwa yaliyopitwa na muda, na muhogo ndani yake.

"Mngeniambia maziwa tu, ningehangaika kutafuta ugonjwa," daktari alisema. "Huyu tumbo limechafuka, na ana njaa. Siku mbili zaidi, msingemleta."

Doto akapona.

Sasa fungu gumu. Kazi ya kokoto ilihamia mbali, na Shekue hakuwa na ndugu wa kumwachia mtoto ila hao dada watatu. Wote walimtaka. Shekue akasema, "Atampata aliyemwokoa. Atamlea awe wake."

Wakakaa mkekani, mtoto katikati.

"Bila pua yangu, angeimaliza chupa ile," alisema Mwantumu.

"Na bila jicho langu, baba yake angerudi na kifuko kingine," alisema Chausiku. "Tangu lini pua ikawa ushahidi?"

"Na daktari?" aliuliza Tatu. "Tarehe ilimwambia kuna muhogo?"

"Wewe nyamaza! Si ndiwe uliyechanganya?" alisema Chausiku.

"Nilichanganya, dada. Nikamfungia shemeji kwa mkono wangu, nikijua anampelekea nani. Ningeacha kazi, ningekula nini? Haya, na wewe? Wiki ile ya kwanza uliligeuza kopo hilo hilo mbele yangu. Ukakiona kikaratasi. Ukanunua chumvi, ukaenda zako."

Chausiku alivuta ncha ya kanga. "Nyanya za kopo zile nilizosema mbovu, mtaa mzima ulinicheka mwaka mzima. Nilichoka kuchekwa." Kisha akamgeukia mkubwa wao. "Na dada Mwantumu? Umewalisha watoto hawa tangu arobaini ya mama yao. Pua hiyo ilikuwa na mafua wiki nne?"

"Kibwana ni ndugu wa mume wangu," alisema Mwantumu. "Ningerudi nyumbani kwa nani?"

Shekue alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwona akisimama hapo.

"Wakati huo wote," aliuliza, "Kulwa alikuwa hai?"

Doto alianza kulia. Mikono sita ikanyooka kumwinua, kisha yote ikarudi nyuma, kila mmoja akimtazama Shekue.

Kibwana alifunga duka siku mbili. Siku ya tatu akafungua. Kuna kopo jipya rafuni, na maziwa bado yanapimwa kwa kijiko.

Lori la machimboni linaondoka Jumatatu alfajiri. Shekue ameshafunga mzigo wake, na nguo za mtoto ziko katika mfuko wa pili. Kama angekosekana mmoja kati ya wale watatu, Doto naye angelala kando ya kaburi la Kulwa. Na kama mmoja wao angesema mapema, Shekue angekuwa na watoto wawili. Na vile vifuko, kila asubuhi, alivileta yeye mwenyewe.

Ninyi mlioketi hapa, ambao baadhi yenu leo asubuhi mmenunua kwa kijiko, semeni: ungekuwa wewe Shekue, ungemkabidhi nani mtoto?