Mkeka wa Nadhiri

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na msusi wa mikeka, Siwatu. Utumbo wake ulikuwa na maradhi ya kuvimba. Yakichachamaa, anaharisha damu. Alishayazoea kama mke mwenza.

Siku moja kichwa kikamuuma vibaya. Akasema, "Jua tu hili," akaendelea kusuka ukili, ule utepe wa mkeka.

Shoga yake Mwajabu akamtazama mikono. "We Siwatu! Mbona ukili unakwenda upogo?"

Siwatu aliuona umenyooka. Mwajabu hakubishana naye. Alimwita Shamte, mume wa Siwatu, wakamkimbiza hospitali.

Baada ya kumpiga picha ya kichwa, Daktari Nyamizi akasema, "Utumbo ukivimba hivi, damu hupenda kuganda. Imeganda kwenye mishipa ya ubongo. Nampa dawa ya kuzuia kuganda huko."

Ndugu wakaja juu. "Damu inamtoka chini, nawe unaizuia isigande? Utammaliza!"

"Hatari hiyo naijua. Tukiacha dawa, kichwa ndicho kitakachomuua."

Siwatu, ulimi mzito, akasema, "Nikipona, nitamsukia mkeka aliyeniokoa." Kisha akapoteza fahamu.

Mama yake akamgeukia Shamte. "Ukikubali dawa hiyo, naye akafa, usikanyage kwangu!"

Shamte akatia saini ya idhini. "Mpeni dawa."

Akapona, alhamdulillahi! Ila mkono wa kushoto ulibaki mzito. Mkeka ule ulimtoa jasho, akajua hataweza kusuka mwingine. Akawaita Mwajabu, daktari na Shamte uani, kwa chai na vitumbua.

Mwajabu akawahi. "Bila jicho langu, mngemkuta kashakauka na ukili wake uliopinda!"

"Uliona ukili, Bi Mwajabu, hukuona mshipa," daktari akacheka. "Wangapi wamefika kwetu wakiwa hai, wakafa kwa sababu ile dawa iliogopwa?"

Shamte akaweka kikombe chini. "Nyie mngekosea, mngesikitika. Mimi ningekosea, ningeitwa muuaji wa mke wangu."

Siwatu alicheka mpaka machozi. Watu wazima watatu wanagombania uhai wake! Moyo wake ulijaa furaha. Lakini nadhiri ni deni, na aliogopa kuivunja kuliko alivyoogopa maradhi.

Haya, nyie mnaonisikiliza! Msiniambie "wote", mkeka ni mmoja, na nadhiri haikatwi vipande. Siwatu ameshainuka, mkeka kwapani. Je, amwendee nani?