Vikombe vya Hijama

"Mgeni njoo, mwenyeji augue." Hivyo ndivyo Beldina alivyoipindua methali ya wahenga siku Samira alipowasili Riyadh kutoka Jeddah, marashi yake yakimtangulia mlangoni kama askari wa gwaride.

Beldina, mzaliwa wa Homa Bay, alikuwa mtumishi katika jumba moja la mtaa wa Al-Malqa. Kazi yake kuu ilikuwa kumtunza Mama Munira, ajuza aliyeugua saratani ya kongosho. Mwezi uliotangulia, mguu wa mgonjwa ulivimba kama mtungi, daktari akagundua damu imeganda ndani ya mshipa. Akaagiza sindano ya kila siku ya kuzuia damu isigande. Bintiye, Madam Hind, alipoonyeshwa namna ya kuidunga, alizirai pu sakafuni. Muuguzi akamkabidhi Beldina kazi hiyo pamoja na onyo: "Akiwa kwenye dawa hii, akikatwa damu haikomi upesi. Wembe usimkaribie."

Samira, mdogo wake Mama Munira, hakuwa na habari na muuguzi wala onyo. Alifungua mkoba wake kitandani: vikombe ishirini vya kioo na pakiti ya nyembe.

"Nitampiga hijama," alitangaza. "Nikimchanja mgongo, vikombe vitafyonza damu chafu yote. Beldina, lete taulo."

"Hijama mafi, mama, hakuna. Anadungwa dawa."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi ndiye ninayemdunga."

Madam Hind, aliyemwogopa mama yake mdogo kuliko sindano, alilitazama zulia. "Lete taulo, Beldina."

Beldina aliuzoa mkoba, akaenda nao hadi chumba cha kufulia, akausukumiza ndani ya mashine na kuchagua mzunguko wa mablanketi. Mlango wa mashine ukajifunga kwa saa tatu. Vikombe vililia kama kengele za mbuzi, kisha vikanyamaza kimoja kimoja.

Samira alimjia juu kama moto wa kifuu. "Fungua."

"Haifunguki, mama, mpaka ikamue."

"Kesho unapanda ndege," akasema Madam Hind. "Halas, imekwisha."

Kwao Homa Bay walimtegemea Beldina tu. Hata hivyo, hakuigusa ile mashine.

"Nyembe zinauzwa kila duka," Samira alifoka, akarudi kitandani na kumvuta dada yake mkono ili amgeuze. Bangili yake ikamkwaruza, mkwaruzo usiozidi punje ya mchele. Damu ikachuruzika. Kitambaa cha kwanza kikalowa chepechepe, cha pili kikafuata. Samira akauachia mkono. Beldina alibana pamba kwa kidole gumba dakika ishirini nzima hadi damu ikakoma.

Madam Hind alimpigia daktari simu, sauti ikisikika chumba kizima, akamweleza yote.

"Mkwaruzo mmewahi kuubana," daktari alisema. "Lakini huyo aliyetaka kuchanja mgongo mzima, alitaka kutibu au kuzika?"

Mama Munira akacheka kwa sauti ya kukwaruza. "Samira amenitibu tangu utotoni. Makovu yake ninayo."

Madam Hind alishusha pumzi. "Beldina, hupandi ndege. Lakini mwombe mama mdogo radhi. Vikombe vyake vimekuwa unga, naye ni mgeni wetu."

"Hata mimi ni mgeni, madam. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inasema hivyo. Siombi radhi, leo wala kesho." Kisha, huku akibadilisha pamba, akamalizia kwa Kiswahili chake: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."