Fisi na Chungu cha Mahanjumati

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na chungu jikoni."

"Nasi tuna njaa!"

Basi mezeni mate, mnisikilize.

Bi Kindi alikuwa na watoto watatu na mjomba mmoja, Fisi. Kila akiinjika mbaazi za nazi, mjomba huyoo, puku puku puku! "Hodi! Mpwa wangu, mkubwa haonji chumvi?" Na mila ndiyo hiyo, mkubwa aonje kwanza. Akionja tu, fyoo, chungu kitupu. Mtasema fisi hali mbaazi. Cha bure, yule anakula hata mawe.

Watoto wakalala njaa siku ya kwanza, wakalala njaa siku ya pili. Siku ya tatu yule mdogo hakuwa na nguvu hata ya kulia. Roho ikamuuma mama yake kwelikweli.

Akainjika tena. Puku puku puku!

"Hodi! Mkubwa haonji chumvi?"

"Karibu, mjomba. Ila leo nimepika mahanjumati."

Fisi akakodoa macho. Neno hilo hajalisikia tangu azaliwe. Lakini mheshimiwa mzima aulize? Tena amuulize kindi?

"Aah, mahanjumati! Mbona hayo ndiyo niliyokulia!"

"Nilijua tu. Basi desturi yake sina haja ya kukufundisha."

"Mimi? Nifundishwe?"

"Kuna washamba wanaanza kula tu. Hawajui kwamba mkubwa hukaa nje kwanza, akafumba macho, akanusa mpaka jikoni kunyamaze."

"Washamba kabisa hao!" Fisi akatoka, akafumba macho, akanusa. Hmmm! Ndani, nyam nyam nyam.

"Mpwa wangu, mbona kama nasikia watu wanatafuna?"

"Ndivyo yanavyoiva, mjomba. Umesahau?"

"Nisahau wapi!"

Jikoni kukanyamaza. Fisi akaingia, akakuta ukoko. Alalamike? Si wataona kwamba hajui? Akaulamba, tumbo likinguruma, akajipangusa mdomo. "Naam, haya ndiyo mahanjumati yenyewe!" Akapita msitu mzima akiyasifu.

Ndiyo maana hadi leo chakula kitamu kupita kiasi tunakiita mahanjumati, na aliyelieneza neno hakuonja hata kijiko.

Funzo, wanangu: ukisikia neno usilolijua, usiulize. Tikisa kichwa. Utalala njaa, lakini utalala na heshima yako, na heshima inashibisha sana, muulizeni Fisi.

Hadithi yangu imefika ukoko. Mwenye meno akwangue.